Rodimtsev: Kamanda wa miavuli aliyeingia Stalingrad kwa mashua

ALEXANDER Rodimtsev alikabidhiwa askari waliofunzwa kushuka kwa mwavuli nyuma ya adui. Hata hivyo, mapigano yaliyompa umaarufu waliyapigana kwa miguu, tena baada ya kuvuka mto kwa mashua.

Alizaliwa Machi 1905 katika kijiji cha Sharlyk, eneo la Orenburg nchini Urusi, kwenye familia ya wakulima maskini. Akiwa kijana alijifunza ushonaji viatu, na mwaka 1927 akaingia katika Jeshi Jekundu. Miaka michache baadaye alipelekwa Hispania kuisaidia serikali ya Jamhuri dhidi ya waasi wa Franco, ambako alisifika kwa ujuzi wa bunduki za rashasha. Mwaka 1937 alitunukiwa hadhi ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti.

Ujerumani ilipoivamia nchi yake Juni 1941, Rodimtsev alikuwa kamanda wa Brigedi ya 5 ya askari wa miavuli. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kuwatumia kama walivyofunzwa. Agosti mwaka huo walipelekwa Kyiv, Ukraine, wakapigana kama askari wa kawaida wa nchi kavu na kusaidia kuwarudisha nyuma Wajerumani kusini mwa mji. Septemba majeshi ya eneo hilo yalizingirwa, na Rodimtsev akapenya na sehemu ya watu wake.

Waliobaki waliundiwa Divisheni ya 87, na Rodimtsev akawa kamanda wake. Januari 1942 divisheni hiyo ilipewa heshima ya Gadi na jina jipya: Divisheni ya 13.

Mtihani mkubwa ulikuja Septemba 1942. Wajerumani walikuwa wamefika katikati ya Stalingrad, karibu kabisa na gati la mto Volga. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, askari wa kwanza wa divisheni iliyokuwa na watu wapatao 10,000 walianza kuvushwa kwa boti na matishari, huku mizinga ikiwalenga majini. Walioshuka ukingoni waliingia vitani papo hapo. Ndani ya siku chache, maelfu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Rodimtsev aliweka makao yake ndani ya mtaro wa maji machafu kando ya mto. Ukanda mwembamba wa ardhi waliobaki nao haukuachiwa. Jengo moja la ghorofa, maarufu kama Nyumba ya Pavlov, lililindwa kwa takriban miezi miwili na kundi dogo lenye Warusi, Waukraine, Wageorgia, Wauzbeki na Wakazakhi. Wajerumani wa mwisho mjini walisalimu amri Februari 2, 1943.

Rodimtsev aliendelea na vita hadi mwisho, akiongoza majeshi makubwa zaidi kupitia Ukraine na Poland hadi Ujerumani. Mwaka 1945 alitunukiwa hadhi ya Shujaa kwa mara ya pili, kutokana na kuvuka mto Oder. Baada ya vita aliandika vitabu kuhusu Hispania na kuhusu askari wake. Alifariki Moscow Aprili 1977 na kuzikwa katika makaburi ya Novodevichy.

Leo Stalingrad inaitwa Volgograd. Mahali divisheni yake ilipotia nanga pana jumba la makumbusho, na kinu cha unga kilichobomolewa kwa mabomu kimeachwa kilivyo. Ukutani mwa ukingo wa mto pameandikwa kumbukumbu ya askari wake.

Lakini nchi iliyojenga kumbukumbu hizo ilivunjika mwaka 1991, na watu waliovuka Volga katika mashua moja wana wajukuu wenye pasipoti tofauti. Februari 2022, askari wa miavuli wa Urusi walishushwa katika uwanja wa ndege wa Hostomel, nje kidogo ya Kyiv, mji ambao askari wa miavuli wa Rodimtsev walimwaga damu kuulinda mwaka 1941.

Kumbukumbu ya pamoja haikutosha kuzuia hilo. Ujirani unahitaji kutunzwa na walio hai, na waliokufa Stalingrad hawawezi kudaiwa na taifa moja peke yake.