Hans Peter Luhn (1896–1964): Mhandisi Aliyeyapa Maneno Anwani

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefungua kamusi hutafuta kidahizo kwa kufuata mpangilio wa alfabeti. Njia hiyo ni ya kuaminika, ila huchukua muda. Je, neno lenyewe lingeweza kutueleza mahali lilipo, pasi na kupekua? Swali la namna hii ndilo lililomshughulisha Hans Peter Luhn, ambaye kazi zake zinamhusu mwanaisimu sawa na zinavyomhusu mtaalamu wa tarakilishi.

Luhn alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 mjini Barmen, Ujerumani. Babake alikuwa mpiga chapa, naye Luhn akaenda Uswisi kujifunza kazi iyo hiyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitumikia jeshi la nchi yake. Baadaye aliingia katika sekta ya nguo, na katika miaka ya 1920 akahamia Marekani. Huko alibuni Lunometer, kifaa cha kuhesabia nyuzi za kitambaa, akaendesha kampuni yake ya uhandisi hadi alipojiunga na IBM mwaka wa 1941. Maishani mwake alipata hataza zaidi ya 80.

Mnamo Januari 1953, Luhn aliandika waraka wa ndani wa kampuni akipendekeza data igawanywe katika vikapu. Nambari ya kikapu ingepatikana kwa hesabu rahisi juu ya kile kinachotafutwa. Hesabu moja humfikisha mtafutaji kikapuni, kisha hupekua vitu vichache tu vilivyomo.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Vikapu vikiwa vichache, kila kimoja hujaa na upekuzi hurefuka. Vikiwa vingi, jibu hupatikana upesi, lakini baadhi hubaki vitupu huku vikimeza nafasi ya kumbukumbu. Mvutano huu baina ya muda na nafasi ungalipo. Mwandishi wa kiendeshi, yaani programu inayounganisha mfumo endeshi na kifaa kama kadi ya mtandao, hana budi kuamua ukubwa wa jedwali lake. Akilipanua mno, huzinyima programu nyingine kumbukumbu. Akilibana mno, kila ujumbe unaopita hucheleweshwa.

Mwaka wa 1954 Luhn aliomba hataza ya mbinu ya kutambua nambari iliyonakiliwa vibaya, akaipata mwaka wa 1960. Mbinu hiyo hutumika hadi leo kukagua nambari za kadi za benki na nambari za utambulisho wa simu za mkononi.

Kwetu sisi, hata hivyo, mwaka wenye uzito zaidi ni 1958. Mwaka huo alionyesha faharasa iliyotungwa na mashine, ambamo kila neno muhimu la kichwa cha makala huorodheshwa pamoja na muktadha wake. Mtafiti wa leo anayechunguza matumizi ya neno katika kongoo hutumia zana ya ukoo huo. Mwaka uo huo alichapisha makala kuhusu kufupisha matini kwa mashine: maneno huhesabiwa, yaliyozidi mno na yaliyo adimu mno hutupwa, na sentensi zenye mkusanyiko wa maneno yaliyosalia huteuliwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapompinga. Ili kuunganisha maumbo ya neno moja, Luhn alilinganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza, ambacho aghalabu huongeza viambishi mwishoni, mbinu hiyo ilifaa. Kwa Kiswahili, "anasoma" na "walisoma" zingetenganishwa, ilhali "anasoma" na "anasema" zingeonekana ndugu. Kosa hilo haliponywi kwa kuongeza kumbukumbu wala kasi. Huponywa na mofolojia, yaani kuutambua mzizi kabla ya kuhesabu.

Luhn alistaafu IBM mwaka wa 1961 na kuaga dunia tarehe 19 Agosti 1964, katika jimbo la New York. Alikuwa mpiga chapa, fundi wa nguo na mhandisi, lakini aliingia katika uwanja wa lugha bila woga. Mashine inayotafuta neno la Kiswahili ingali inamhitaji anayejua neno hilo limeundwaje. Wajibu huo ni wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na tusipoutekeleza, lugha yetu itaendelea kupimwa kwa vipimo vilivyoundiwa lugha nyingine.