Fritz Haber, aliyeipata mbolea hewani

Mkulima wa mchicha mjini Dar es Salaam anapoona majani ya chini yakigeuka manjano, hujua kwamba mboga zake zina njaa ya naitrojeni. Mmea huiondoa katika majani makuukuu na kuyapa machanga. Akitia yurea, bustani hurudia ukijani wake kwa muda mfupi.

Hali ni hiyo hiyo Dubai. Shamba la Bustanica, lililofunguliwa mwaka 2022 karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum, hukuza mboga za majani ndani ya jengo, bila udongo. Virutubisho huyeyushwa katika maji.

Kwamba naitrojeni hupatikana kwa wingi viwandani ni kazi iliyoanzishwa na Mjerumani Fritz Haber, aliyezaliwa mwaka 1868 mjini Breslau, katika familia ya Kiyahudi.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mboga haziwezi kuitwaa moja kwa moja. Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Haber aliiunganisha na haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa, akapata amonia. Carl Bosch aliigeuza kazi hiyo kuwa ya kiwanda, na uzalishaji ulianza Oppau mwaka 1913.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, amonia ilitumika pia kutengenezea baruti. Haber mwenyewe alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, lililoua na kujeruhi maelfu ya askari. Siku chache baadaye mkewe, Clara, naye mwanakemia, alijiua.

Haber alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918, na wanasayansi kadhaa wa nchi alizopigana nazo Ujerumani walilalamika.

Mwaka 1933 utawala wa Wanazi uliagiza Wayahudi wafukuzwe katika utumishi wa umma. Haber alijiuzulu, akaihama nchi aliyoitumikia. Alifariki dunia mjini Basel, Uswisi, Januari 1934.

Urithi wake bustanini nao una pande mbili. Naitrojeni ya kutosha hupanua majani. Ikizidi, majani huwa laini na kuvutia wadudu, na mabaki yake huingia mitoni.