Habari za Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Taa za umeme zinatuangazia usiku, wala hatumfikiri mtu aliyeifungua njia yake. Ndiye Michael Faraday, Mwingereza, aliyezaliwa karibu na London tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumbani mwao umaskini ulikaa. Shuleni mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipopata miaka 14 akawekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu muda wa miaka saba, akawa anavisoma vile vitabu alivyovishona.

Mwaka 1812 alikwenda kusikiliza mafundisho ya Sir Humphry Davy, mtaalamu mkuu wa siku zile. Akayaandika, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea. Mwaka uliofuata Davy akamtwaa awe msaidizi wake katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Katika safari yao ya Ulaya ilimpasa kumtumikia bwana wake kama boi, na mkewe Davy alimhesabu miongoni mwa watumishi. Kijana akavumilia, maana aliitamani elimu.

Hata mwanafunzi akaanza kumpita mwalimu. Mwaka 1821 alifaulu kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku, na watu wakanong'ona kwamba amechukua wazo la mwingine. Mwaka 1824, jina lake lilipoletwa ili awe mmoja wa wataalamu wa Royal Society, aliyempinga ni Davy mwenyewe, rais wa chama kile. Akachaguliwa vivyo hivyo. Nani angalimlaumu kama angalilipa kisasi? Yeye aliendelea kumtaja Davy kwa heshima, hata baada ya Davy kufa.

Tarehe 29 Agosti 1831 alizungusha nyaya mbili juu ya pete moja ya chuma. Umeme ulipoingia katika waya wa kwanza, mshale wa sumaku uliowekwa penye waya wa pili ukatikisika, kisha ukatulia. Mtikisiko ule mdogo ndio mwanzo wa mashine kubwa zinazotoa umeme leo.

Ndipo sifa zikamjia kutoka nchi nyingi. Lakini kila Jumapili Faraday aliketi katika usharika mdogo wa Wasandemani, kati ya mafundi na wachuuzi, akawazuru wagonjwa wao na maskini wao. Mwaka 1840 walimchagua kuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1844 ikatokea tofauti kati yao, naye, pamoja na wengine, akatengwa na ushirika. Fikirini jambo hili: mtu aliyesikilizwa na wakuu wa nchi anatolewa nje na watu wasiojulikana hata mtaa wa pili! Angaliweza kwenda zake, na makanisa makubwa yangalimpokea kwa furaha. Hakwenda. Alihuzunika sana, akangoja, na baada ya wiki chache akarudishwa. Lakini uzee hakurudishiwa; alikaa miaka 16 kama mshirika wa kawaida, mpaka walipomchagua tena mwaka 1860.

Wala mtu asidhani kwamba alikuwa mnyonge. Mwaka 1835 waziri mkuu aliidharau desturi ya kuwapa wataalamu malipo ya uzeeni. Faraday akayakataa malipo yale mpaka waziri alipoomba radhi.

Mwaka 1857 wajumbe wa Royal Society walimjia wakimsihi awe rais wao, akiketi katika kiti kilekile cha Davy. Akakataa. Cheo cha Sir pia hakukitaka. Alipenda kuitwa Michael Faraday tu. Nyumba ya kupumzikia, aliyopewa na Malkia Victoria mwaka 1858 huko Hampton Court, aliipokea kwa shukrani, maana nguvu zilikuwa zikimwishia na kumbukumbu zikimpotea.

Huko alifariki, ameketi kitini, tarehe 25 Agosti 1867. Alikuwa ametaka maziko ya kawaida. Walimzika Highgate, jamaa na rafiki wachache wakiwapo, wakasimamisha jiwe lenye jina lake, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa.