Bibi Salme wa Unguja: mama mgeni katika nchi ya baridi

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wamisionari na wachungaji wa zamani. Leo nawaletea mtu wa namna nyingine kabisa, binti wa Sultani wa Unguja. Msishangae. Mwisho wake mtaona kwamba ni mtu wa kwetu.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hivi karibuni nilimtembelea mama mmoja upande wa Rhino Camp, mgeni, ana watoto watatu. Hajui Kilugbara. Akienda sokoni, mtoto wake wa miaka saba ndiye anayemsemea, na wakati mwingine huyo mtoto anamficha mambo. Mama aliniambia kwamba tangu afike hajaingia nyumba ya mtu, wala mtu hajaingia kwake. Nilimkumbuka mke wangu. Tulipovuka mpaka, kwa wiki nyingi alikwenda bombani saa sita ya mchana, jua kali, kama yule mwanamke Msamaria, ili asikutane na wanawake wengine na kuonekana bubu. Mimi nilikuwa na vikao vya kanisa na sikuona. Basi, akina baba, mkisoma habari hii msiwaachie akina mama peke yao.

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja, ufukweni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye hakuwa Mwarabu. Alikuwa Msirkasi, kutoka milima ya Kaukazi, mbali kaskazini. Akiwa mtoto mdogo vita viliingia kwao, wazazi wakauawa, yeye akachukuliwa mateka, akauzwa, mpaka akafika katika nyumba ya Sultani. Kwa hiyo binti wa mfalme alilelewa na mama ambaye vita vilimnyang'anya kila kitu kabla hajafikisha miaka kumi. Watoto wetu wengine wanajua maana yake.

Huyo Jilfidan alifanya nini katika nyumba ile kubwa yenye wake wengi, watoto wengi na lugha nyingi? Binti yake aliandika baadaye kwamba mama alikuwa mtu wa kuwaendea wagonjwa. Mtu akilala kitandani, yeye alikuwa karibu, akimsomea na kumhudumia, wala hakungojea kuitwa. Kwa njia hiyo alipendwa. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, Salme akiwa na miaka kumi na tano hivi. Baba alikwisha kufa mwaka 1856, akiwa safarini baharini.

Salme alijifunza kusoma kama watoto wengine wa jumba, lakini kuandika wasichana hawakufundishwa. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimletea taabu mapema. Ndugu zake Majid na Barghash walipogombea kiti mwaka 1859, alijiunga na upande wa Barghash na kuwaandikia barua. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay. Salme akapatana na Majid, na jambo hilo Barghash hakulisahau.

Sasa tufike kwenye safari yake. Katika mji alikuwa jirani na kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, naye Salme akapata mimba. Mimi ni mchungaji, sitafunika jambo hilo, wala sitakaa juu yake. Hatari ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akashuka Aden. Huko alipokelewa na mtu na mke wake, Wahispania, ambao alifahamiana nao Unguja. Akazaa mtoto wa kiume mwezi Desemba, akamngoja Ruete kwa miezi. Tarehe 30 Mei 1867, siku moja hiyo hiyo, alibatizwa kwa jina la Emily, akafungishwa ndoa, na safari ya Ulaya ikaanza.

Hapa naomba wazee wa kanisa wanisikilize. Aliandika baadaye kwamba alibatizwa bila kufundishwa vizuri maana ya imani aliyoiingia. Aliacha dini ya wazazi wake, na mpya hakuna aliyemshika mkono aielewe. Miaka mingi alikuwa katikati, akiumia moyoni. Sisi tunahesabu waliobatizwa na kuandika katika daftari. Je, nani anamfuata mama huyo nyumbani wiki inayofuata?

Njiani, katika nchi ya Ufaransa, yule mtoto mchanga akafa. Kwa hiyo alifika Hamburg akiwa na miaka ishirini na miwili, mikono mitupu, hajui neno moja la Kijerumani. Yeye na mumewe walizungumza Kiswahili, hiki hiki tunachotumia hapa. Asubuhi mume alikwenda kazini, na lugha ikaondoka pamoja naye mpaka jioni.

Fikirini nyumba hiyo. Kwao Unguja milango ilikuwa wazi na watu wakiingia na kutoka mchana kutwa. Huku kila mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, na kila jamaa iko peke yake. Chakula kilikuwa kigeni na kingine hakuweza kukila. Barabarani watu waligeuka kumtazama. Alialikwa katika nyumba za watu wakubwa, lakini aliona kwamba wengi walitaka kumwona binti wa Sultani, si kumjua. Kuna tofauti kati ya kutembelewa na kupata rafiki. Sisi wakimbizi twaijua: wageni wenye magari wanakuja, wanatuuliza maswali, wanapiga picha, na jioni bado hatuna wa kumwomba chumvi.

Alijifunza Kijerumani kwa mwalimu na kwa mazoea ya nyumbani, na kazi za nyumba pia alijifunza, maana kwao hakuwahi kuzifanya. Katika jumba la Sultani kila mtoto alikuwa na yaya na watumishi wengi. Sasa yeye mwenyewe alipaswa kujua mtoto avae nini wakati wa theluji. Alizaa watoto watatu kwa mfululizo: Antonie mwezi Machi 1868, Rudolph Said mwezi Aprili 1869, na Rosalie mwezi Aprili 1870. Waliitwa kwa majina ya Kijerumani, lakini wasichana nao walipewa majina ya kwao, Thawka na Ghuza. Ni jambo dogo, lakini mimi nalipenda. Wengi wetu hapa tumeacha kabisa majina ya babu zetu, eti watoto wasichekwe shuleni.

Mwezi Agosti 1870, Rosalie hajamaliza miezi minne, mume alipata ajali ya tramu iliyokokotwa na farasi, akafa. Mama wa miaka ishirini na mitano alibaki na watoto watatu katika nchi ya ugenini. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Sultani Majid naye alikufa, na aliyeketi kitini ni Barghash, ambaye alikuwa amemkasirikia. Urithi wake alinyimwa. Na sheria ya Hamburg wakati huo haikumwachia mjane watoto wake na mali yake peke yake. Wanaume waliwekwa kuwa wasimamizi. Fedha zikapungua haraka.

Wengi walitegemea kwamba atarudi kwao. Yeye alikaa. Watoto walikuwa Wajerumani, wamebatizwa, baba yao amezikwa kule, na huko Unguja mapokezi yao hayakujulikana. Alihama kutoka mji hadi mji akitafuta maisha ya bei nafuu, Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin, akifundisha Kiarabu ili apate riziki. Kumbukeni ni kitu gani alichofundisha: lugha ya nyumbani kwao, ile iliyomfanya mgeni. Tena alikuwa akiandika barua ndefu juu ya maisha yake ya Ujerumani, kama anazungumza na rafiki aliyebaki Unguja. Barua hizo hazikuchapishwa siku zote za uhai wake. Mtu akikosa wa kusema naye, kalamu nayo ni msaada.

Mwaka 1875 lilimpata jaribu ambalo mimi nimelifikiria sana. Barghash alikuja London. Salme alivuka bahari akamfuate, apatane naye. Wakubwa wa serikali ya Uingereza hawakutaka. Walimwekea mambo mawili: aache kumwona ndugu yake, nao watashughulikia maisha ya watoto, au amwone, na ahadi hiyo isiwepo. Alichagua watoto. Akarudi bila kuonana na ndugu yake, na msaada alioutegemea haukuja. Kuna watu watasema alidanganywa kwa sababu ya ujinga. Mimi nasema mama yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisi na watoto nyuma yake hatamhukumu.

Miaka miwili hivi baadaye, afya ikiwa mbaya, akihofu kwamba hatawaona watoto wakiwa wakubwa, alianza kuwaandikia habari za utoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi. Hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886 na kumfanya ajulikane ulimwenguni. Kina mambo mengi mazuri, lakini sitaficha kosa lake: ndani yake alitetea utumwa, akisema watumwa wa Waarabu hawakuteswa kama watu wa Ulaya walivyodhani. Mtoto wa mwanamke aliyeuzwa! Sisi ambao mababu zetu walikamatwa katika nchi hizi hatuwezi kulisoma bila uchungu. Mtu aweza kuonewa na bado asione jinsi wengine wanavyoonewa.

Mwaka 1885 aliona Unguja tena, miaka kumi na tisa baada ya kutoroka, pamoja na watoto wake watatu, kwa meli ya kijeshi ya Ujerumani iitwayo Adler. Wajerumani walikuwa wanagombea nchi ya bara na Barghash, nao walimtumia kumtisha ndugu yake. Barghash alikataa kumwona. Lakini watu wa mji walimjia barabarani kwa makundi, wakimsalimu kwa furaha, ingawa waliogopa adhabu. Jumba la Mtoni alilikuta limeharibika. Watoto walisimama wakaona kwa macho yao magofu ya mahali ambapo mama alizaliwa. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na mara hii pia hakupata haki yake.

Niongeze jambo moja kwa wapenda historia. Miaka hiyo hiyo, Mjerumani Emin Pasha alikuwa anakaa Wadelai, hapa kwetu kando ya Nili, na binti yake mdogo Ferida, mtoto wa mama Mwethiopia. Baadhi ya askari wake ni mababu wa Wanubi wa Arua na Koboko. Mzanzibari analea watoto Ujerumani, na Mjerumani analea mtoto West Nile. Dunia imechanganyika siku nyingi, si tangu sisi tulipovuka mpaka.

Baada ya 1888 Salme hakukaa Unguja wala hakurudi kuishi Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo Kiarabu kilisemwa barabarani, akakaa huko mpaka mwaka 1914. Kisha alirudi kwa watoto. Karibu na mwisho wa maisha yake Sultani Khalifa bin Harub alimpa pensheni ndogo. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa Ruete, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Watoto wote watatu walikua na kumzika mama yao. Antonie alikwenda kuishi katika visiwa vya bahari ya Pasifiki na akaandika kitabu cha mapishi kwa nchi za joto. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi. Na Rudolph, aliyepoteza baba akiwa na mwaka mmoja na miezi, alijiita Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said, ambaye hakuwahi kumwona.