Sun Simiao: Mtoto mgonjwa aliyekuja kuitwa Mfalme wa Dawa

Ukishuka bandarini Itungi mwezi wa Juni, kitu cha kwanza kukupokea ni upepo. Mvua kubwa zimeshapungua, mpunga unavunwa, na ule upepo wa kusini wanaouita mwera unalichafua Ziwa Nyasa mpaka wavuvi wa usipa wanafikiria mara mbili kabla ya kusukuma mtumbwi. Jioni kunapoa. Watoto wanaanza kukohoa, mafua yanahama nyumba hadi nyumba, na kila mama ana lake: tangawizi, limau, mchaichai, au majani ya mkaratusi ya kujifukiza.

Huku Kyela hatuna ile misimu minne ya vitabuni. Majira ya majani kupukutika tuliyasoma tu darasani, tukafanyia mtihani, yakaishia hapo. Lakini hali ya hewa ikigeuka mwili unajua. Na yupo mzee mmoja wa China, aliyefariki mwaka 682, ambaye alihangaika sana na swali hilohilo: majira yakibadilika, mtu ale nini na aishi vipi ili asiugue?

Mzee huyo ni Sun Simiao. Wachina wanamwita Mfalme wa Dawa.

Dawa zilimaliza mali ya nyumbani

Alizaliwa Huayuan, sehemu ambayo leo iko Tongchuan, mkoa wa Shaanxi, kaskazini-magharibi mwa China. Mwaka unaotajwa na wengi ni 581. Wapo wanaourudisha nyuma hadi 541, yaani awe alikufa na miaka 141. Sisi tubaki na 581. Miaka 101 inatosha jamani.

Utotoni hakuna ambaye angemtabiria umri huo. Baridi na upepo vilimwandama, akawa mtoto wa kuugua kila mara, na wazazi wake wakawa watu wa kubisha hodi kwa waganga. Mwenyewe alikuja kuandika ukubwani kwamba gharama za dawa zake zilikomba mali ya familia yote.

Hapo mtu wa Itungi hahitaji mkalimani. Aliyewahi kuuza gunia la mpunga mapema, kabla bei haijapanda, kwa sababu mtoto amelazwa, anamwelewa Sun Simiao hata kama jina lake ndiyo kwanza analisikia leo.

Kichwa chake kilikuwa kikali. Historia rasmi ya utawala wa Tang inasema alianza shule akiwa na miaka saba na kwa siku aliweza kukariri maneno elfu moja na zaidi. Alipofika miaka ishirini alikuwa anajadili mafundisho ya Laozi na ya Wabudha bila kubabaika. Kijana wa namna hiyo, kwa China ya wakati ule, njia yake ilijulikana: ufanye mtihani, uingie serikalini, ule maisha.

Yeye akachagua tiba. Akianza kwa ndugu na majirani, akajifunza kwa yeyote aliyekuwa na kitu cha kumfundisha. Akisikia kuna mtu mbali anajua jambo moja tu asilolijua yeye, alifunga safari kumfuata, hata kama ni mwendo wa siku nyingi.

Alikataa vyeo vya wafalme

Mfalme Wen wa utawala wa Sui alimwita apewe cheo cha usomi. Sun Simiao akasema anaumwa, akabaki zake mlima Taibai akichuma mitishamba. Utawala wa Sui ukaanguka, ukaja wa Tang. Mfalme Taizong akamwita mji mkuu Chang'an, ambao leo ni Xi'an, akashangaa kuona mzee ana sura ya kijana. Akampa cheo. Akakataa.

Mwaka 659 Mfalme Gaozong naye akajaribu, safari hii kwa kiti cha mshauri wa mfalme. Jibu likawa lilelile, ingawa alikubali kukaa mjini. Mwaka 674 aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na mfalme akampa farasi mzuri na nyumba ya kuishi.

Wafalme watatu, vyeo vitatu, na vyote kavikataa. Leo mtu akifanya hivyo ukoo mzima unaitwa kikao.

Muda alioukataa kuutumia ikulu aliutumia kuandika. Mwaka 652 alikamilisha kitabu chake kikubwa, Beiji Qianjin Yaofang, chenye juzuu 30 na maelfu ya maelekezo ya tiba. Idadi inayotajwa sana ni 5,300. Jina lake linabeba wazo kwamba uhai wa mtu una thamani kuliko vipande elfu vya dhahabu, na kwamba dawa moja inayouokoa ina thamani hiyohiyo. Miaka kama thelathini baadaye akaandika kingine cha juzuu 30 kukiongezea.

Tazama alivyokipanga. Mara baada ya utangulizi, magonjwa yanayofuata ni ya wanawake: uzazi, ujauzito, kujifungua. Kisha watoto wachanga. Wanaume wazima wanasubiri foleni. Hoja yake ilikuwa rahisi, kwamba bila mama na mtoto kupona hao watu wazima wengine watatoka wapi?

Mwanzoni kabisa aliweka mashariti ya mganga. Asiulize mgonjwa ni tajiri au maskini, mzee au kijana, rafiki au adui, mwenyeji au mgeni. Wote awaone kama ndugu zake wa damu. Akiitwa usiku aende, kukiwa na baridi aende, na asitumie ujuzi wake kutafuta mali. Ukikumbuka dawa zilivyowafilisi wazazi wake, unaona neno hilo la mwisho limetoka wapi.

Siku 72 za kupunguza pilipili

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo mzee alikuwa na maneno mengi.

Kwake mganga mzuri anatafuta kwanza chanzo cha ugonjwa, halafu anajaribu kuutibu kwa chakula. Chakula kikishindwa, ndipo anashika dawa. Juzuu ya 26 ya kitabu chake yote inahusu vyakula: nafaka, mboga, matunda, nyama.

Humo ndimo yalimo maelekezo ya majira. Tiba ya Kichina inagawa ladha tano kwa viungo vitano: uchachu ni wa ini, uchungu ni wa moyo, utamu ni wa bandama, ukali ni wa mapafu, chumvi ni ya figo. Majira ya majani kupukutika, ambayo kwa kalenda yao huanza mapema Agosti, ni majira ya mapafu. Hewa inakauka, koo linawasha, kikohozi kinaingia. Sun Simiao akaandika kwamba katika siku 72 za majira hayo mtu apunguze vya ukali na aongeze vya uchachu, ili kulilinda ini. Fikra yake ni kwamba mapafu wakati huo tayari yana nguvu ya msimu wao. Ukiyaongezea pilipili na tangawizi yanalielemea ini.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapo, kwa sababu pilipili ni kali na limau pia ni kali. Wachina wanavitenga: kinachowasha kando, kinachokunja uso kando. Kwa hiyo kwa mzee huyu machungwa na malimau yangeongezwa, na ile chai ya tangawizi ya kila jioni ingepunguzwa.

Sayansi ya hospitali zetu haiugawi mwili kwa ladha, na hakuna sababu ya mtu kuacha tangawizi yake kwa hofu ya ini. Ila mengine aliyoyasema yanasikika kama ya muuguzi wa zahanati ya leo: usile ukashiba kupita kiasi, hasa usiku, ukimaliza kula tembea kidogo, sukutua mdomo baada ya chakula. Wenye ugonjwa wa kiu na mkojo mwingi, dalili tunazozihusisha leo na kisukari, aliwakataza pombe, vyakula vya chumvi na vya unga wa ngano.

Kuhusu usingizi, kitabu kilichomtangulia kwa karne nyingi, Huangdi Neijing, kinafundisha kwamba majira hayo mtu alale mapema na aamke na jogoo. Mvuvi wa usipa anayekesha ziwani na taa yake atacheka tu.

Na hapa nisimame kidogo. Kyela ni nchi ya maji na mbu. Mtoto akipata homa, hata kama ni msimu wa baridi na mafua yamejaa mtaani, apimwe malaria kwanza. Dawa mseto tunayopewa zahanati nayo ina mzizi China: kiungo chake kimoja kilitokana na mmea ambao Ge Hong, mganga aliyeishi kabla ya Sun Simiao, aliuandikia kama dawa ya homa za vipindi. Mwanasayansi Tu Youyou alirudi kwenye maandishi hayo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Rovu la milimani

Kuna ugonjwa mmoja ambao wazee wa Nyanda za Juu Kusini wataukumbuka: rovu, ule uvimbe wa shingo. Watu wa milimani, mbali na bahari, waliteseka nao kwa sababu udongo wao hauna madini joto ya kutosha. Miaka ya 1980 mikoa yetu ilikuwa kati ya iliyopewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha ikaja chumvi yenye madini hayo.

Sun Simiao aliutibu uvimbe huo kwa magugu ya baharini na kwa tezi za shingo za kondoo. Hakujua madini joto ni nini. Lakini magugu ya baharini yamejaa madini hayo, na tezi ya kondoo ina homoni ileile inayomkosa mgonjwa. Wenye kuona gizagiza usiku aliwapa maini ya wanyama, na leo tunajua maini yana vitamini A.

Hakuwa mtu wa kubariki kila kinachoitwa dawa. Enzi zake kulikuwa na unga wa mawe matano ambao wakubwa waliunywa ili waongeze nguvu, na uliwaua wengi. Yeye aliagiza kwamba atakayekutana na maelekezo ya unga huo ayachome moto.

Mgonjwa mmoja kati ya kumi

Kuhusu ukoma aliandika kwamba aliwatibu kwa mkono wake wagonjwa zaidi ya 600, na waliopona ni mmoja kati ya kumi. Ninavyomsoma, hapo ndipo ninapomwamini zaidi. Mganga anayetangaza dawa yake anahesabu waliopona. Huyu alihesabu wote.

Mwaka 673 mshairi Lu Zhaolin alikuwa anaishi naye nyumba moja Chang'an. Ni kati ya washairi wanne wakubwa wa mwanzo wa Tang, na alikuwa na ugonjwa mzito uliokuja kumlemaza mikono na miguu. Alimheshimu Sun Simiao kama mwalimu, akamuuliza sana juu ya magonjwa na uhai. Uani kulikuwa na mti mmoja wa peasi, umedhoofika. Mwalimu akaondoka kumfuata mfalme kwenye safari yake, mshairi akabaki peke yake kitandani, akauandikia mti ule utungo kuhusu maradhi.

Hakupona. Baada ya miaka ya mateso aliwaaga jamaa zake na kujitosa katika mto Ying.

Sun Simiao alifariki mwaka 682. Aliacha wosia kwamba azikwe kwa unyonge: vitu vya thamani visiwekwe kaburini, na mnyama asichinjwe kwa ajili yake. Historia ya Tang inasimulia kwamba mwezi mmoja na zaidi ulipita bila uso wake kubadilika. Hilo tuwaachie wasimulizi. Mlima ulio karibu na alikozaliwa unaitwa Yaowang, Mfalme wa Dawa, na watu bado wanapanda kwenda kwenye hekalu lake.