Seremala Aliyenyamaza

Si kila jema hupigiwa mbiu. Twataka leo kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Mtakatifu Nicholas Owen, seremala wa Oxford huko Uingereza.

Kwa sheria ya mwaka 1585, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, padre aliyepewa Upadre ng'ambo alihesabiwa mhaini, na aliyempokea nyumbani mwake alistahili kifo. Hata hivyo jamaa nyingi za Kikatoliki ziliwafungulia mapadre milango, zisikose Misa na Sakramenti.

Owen, mtu mfupi mwenye kuchechemea, alimtumikia kwa miaka 18 Padre Henry Garnet, mkubwa wa Wajesuiti nchini humo, akapokewa kuwa bruda wa shirika hilo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza maficho ya mapadre, chini ya ngazi na ndani ya kuta nene. Mchana alifanya useremala wa kawaida mbele ya watumishi, wasishuku. Usiku alivunja mawe peke yake. Tena alibadili namna ya ujenzi, ili askari wakigundua maficho ya nyumba moja wasiyatambue ya nyingine.

Mwaka 1594 alikamatwa na kuteswa, asimtaje mtu. Akakombolewa kwa fedha, akarudia kazi yake. Baada ya njama ya kumwua Mfalme James kwa baruti, mwaka 1605, msako ulizidi. Januari 1606, katika nyumba ya Hindlip karibu na Worcester, njaa ilimtoa mafichoni yeye na mwenzake. Akapelekwa gerezani London, akatundikwa kwa mikono hata matumbo yakapasuka, akafa mwezi Machi. Wakuu walitangaza kwamba amejiua; Wakatoliki hawakusadiki. Hesabu ya maficho yake alikwenda nayo kaburini. Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza Mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970, pamoja na mashahidi wenzake 39.

Hapo twajifunza kupambanua siri na siri. Mwovu huficha tendo lake ajiokoe mwenyewe, na gharama humwangukia mnyonge. Owen alificha ili wengine waokoke, na gharama akailipa yeye. Wazazi, wafundisheni watoto tofauti hiyo. Mtoto akiambiwa na mkubwa anyamazie jambo linalomdhuru, hiyo si siri ya kutunzwa. Na aseme mara moja, naye asikilizwe.