Padri Placide Tempels, mwamshaji wa imani iliyolala

Katika jubilei hii ni vema tukumbuke maisha ya padri mmoja ambaye hakukaa hapa Koni, lakini mambo aliyoyatenda katika Katanga yetu yanatugusa.

Placide Tempels alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika nchi ya Ubelgiji. Aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko, akapadirishwa mwaka 1930, na mwaka 1933 akafika Kongo, akatumwa kwa Baluba.

Miaka ya kwanza alitenda kama mapadri wengi wa wakati ule. Alikuwa mkubwa, aliamuru, na watu walitii. Walijifunza katekismo kwa kichwa, wakabatizwa, wakafika Misa siku ya Mungu. Lakini padri huyu alikuwa na macho. Aliona ya kuwa mtoto akigonjwa, ao kifo kikiingia nyumbani, Wakristu walewale walirudia dawa za kujikinga na desturi walizoziacha mbele ya padri. Mwingine angewaita wanafiki, kiisha angeongeza ukali. Yeye alianza kujiuliza kama kosa halikuwa kwake mwenyewe. Maneno yake yalifika masikioni, hayakushuka moyoni, kwani hakuwajua watu aliowafundisha.

Basi akanyamaza, akasikiliza. Aliwauliza watu wanatamani nini kupita vitu vyote. Akatambua ya kuwa wanatamani uzima wenye nguvu, uzazi, na umoja wa mapendo. Mambo aliyoyasikia juu ya nguvu ya uzima aliyaandika katika kitabu juu ya filosofia ya Bantu, kilichotolewa kwa Kifransa mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kitabu kilisomwa mbali sana, na wenye elimu wangali wanakibishania. Askofu Jean-Félix de Hemptinne hakupendezwa nacho. Mwaka 1946 padri alirudi Ubelgiji, akakaa huko hata 1949.

Wengi wanamjua kwa kitabu hicho tu. Kwa maoni yetu, kazi yake kubwa ilikuja nyuma, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière katika kambi za Ruwe na Musonoi. Sisi watu wa Koni tunaelewa upesi hali ile, maana hata hapa, pa maporomoko ya Lufira ambako mashini za umeme zilianza kazi mwaka 1950, watu walikusanywa na kazi. Katika kambi ya namna hiyo makabila yanachangana, nyumba zinasimama mstari mmoja, na kengele ya kanisa inaweza kuwa kama king'ora cha kazi: mtu anaitika kwa sababu saa imefika.

Pale padri hakusimama tena juu ya watu. Aliwafunulia yaliyo moyoni mwake: kwamba tamaa zao tatu ni zake vilevile, na kwamba zinatimizwa katika Kristu, pamoja na Mama Maria. Hivi, karibu na mwaka 1953, ikazaliwa Jamaa. Mume hakuingia peke yake. Sherti aje na mke wake, na kila mmoja amfungulie mwenzake mawazo yake. Jambo hili lilikuwa gumu kupita katekismo yote. Mtu aliweza kusali rozari miaka kumi bila kumwambia mke wake hata neno moja juu ya Mungu! Wakaitana baba na mama bila kuulizana kabila. Na padri, mzungu katika siku za ukoloni, alikubali kufundishwa na wafanyakazi wa migodi.

Si wote walioitunza vema zawadi hiyo. Wengine waliyapotosha mafundisho, wakafuata njia iliyoitwa Katete, na maaskofu wakawakataza. Padri mwenyewe alichunguzwa na wakubwa wa Eklezia. Mwaka 1962 alirudi Ubelgiji, akabaki huko. Alitii, wala hakuanzisha kanisa lake mwenyewe, ingawa wengi wangemfuata. Alikaa katika nyumba ya shirika lake huko Hasselt, akafa tarehe 9 Oktoba 1977, akiwa na miaka 71. Katika Katanga na Kasai, Jamaa iliendelea bila yeye, mume na mke wakiketi pamoja kusikiliza mafundisho.